Zamu ya Jioni

Vitambaa vilikuwa thelathini na moja, na vyote vilishonwa na Fundi kwa cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Vya njano, ukubwa wa taulo la mkono, vimekunjwa pindo pande zote nne. Kila mzee wa mtaa aliyeishi peke yake alipewa kimoja na vibanio viwili. Akiamka asubuhi anakitundika nje ya mlango wake. Kabla giza halijaingia anakianua. Basi, yeye kazi yake imekwisha. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kikundi: asubuhi mmoja wao anapita kuona kama kitambaa kimetoka, na jioni mmoja anapita kuona kama kimeingia. Kikikosekana asubuhi, au kikibaki jioni, unabisha hodi. Usipojibiwa, unaita watu.

Ungewauliza kwa nini wasibishe hodi tu kila siku, wangekushangaa. Wazee wana heshima zao. Hakuna mzee anayependa kugongewa mlango kila kunapokucha na mtu anayetaka kujua kama amekufa. Kitambaa kilikuwa adabu. Mzee anasema nipo bila kufungua mdomo, na mpita njia anaitikia kwa kuendelea na safari yake.

Kikundi kilizaliwa kwa aibu. Miaka miwili nyuma, mnoa visu mmoja, mzee mpole asiye na mke wala mtoto, alikaa ndani siku sita baada ya kufa, na watu wakipita mlangoni wakimsema kwamba siku hizi anaringa. Nzi ndio waliotoa habari. Mwenyekiti, mkunga mstaafu ambaye nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, aliapa pale pale makaburini kwamba jambo lile halitatokea tena. Na halikutokea. Tangu siku hiyo wazee watatu walifariki na wawili walianguka, na wote watano walipatikana siku ile ile. Mwenyekiti alikuwa akilitaja jambo hilo hata akienda kununua chumvi.

Kwa hiyo barua ya ofisi ya mtaa ilipokuja, kwamba kikundi kimeteuliwa kupewa ngao ya kundi bora la kujitolea la mwaka, Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbini, mbele ya mgeni rasmi, hakuna aliyeshangaa sana. Walishangilia tu. Mwenyekiti aliisoma mara tatu, ya tatu akiwa amesimama. Chini kabisa barua iliomba kila kikundi kiandae wimbo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa siku hiyo ungemwambia mtu angekuona mchawi.

Maana Mwenyekiti hakutaka wimbo wa kubahatisha. Alitaka sare, sauti tatu, na kuingia ukumbini kwa mguu mmoja. Mazoezi yatakuwa kila siku saa kumi na moja jioni, siku tisa mfululizo.

"Na zamu ya jioni?" akauliza mmoja.

"Siku tisa tu," alisema Mwenyekiti. "Asubuhi tutapita kama kawaida. Kitambaa kikiwa nje asubuhi, si mtu yupo?"

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyekubali wa kwanza. Alikuwa na sare kumi na nne za kushona, na jioni zilikuwa zinamkimbia. "Siku tisa si mwaka," alisema, na wengine wakaitikia. Wote kumi na wanne walikuwa watu wa akili timamu. Hakuna aliyewaza kwamba kitambaa kisichoanuliwa jioni, asubuhi nacho huonekana kiko nje.

Katika nyumba tisa za zamu ya Fundi, ya nane ilikuwa ya shangazi yake.

Shangazi alimlea Fundi tangu akiwa na miaka saba, baba yake alipofariki. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, kutunga uzi, kukata kola bila kupoteza kitambaa. Naye Shangazi alikuwa mshonaji wa kuogopwa. Miaka mingi nyuma alipasuliwa koo, na tangu hapo sauti yake ikabaki mnong'ono, kwa hiyo maneno yake mengi aliyasema kwa mkasi. Aliubeba mfukoni mwa aproni kutwa nzima. Akitaka umsogelee, anagonga meza mara tatu: ta, ta, ta. Akitaka uharakishe, ta, ta, ta. Akitaka uondoke mbele yake kabla hajakukata masikio, ta, ta, ta hiyo hiyo. Wanafunzi wake walijifunza kumtazama usoni ili wajue wameitwa au wamefukuzwa.

Miezi minne sasa hawakuwa wakisemezana, na chanzo kilikuwa kitambaa. Fundi alimwandika kwenye orodha ya wazee bila kumuuliza, akamletea chake kimepigwa pasi vizuri, akidhani atashukuriwa.

"Umeniandika wapi?" Shangazi alinong'ona.

"Kwenye orodha, Shangazi. Ya wanaoishi peke yao."

"Naishi peke yangu kwa sababu nani alihama hapa?"

"Shangazi, mimi nina nyumba yangu, nina watoto, napita kila siku..."

"Sasa utapita utazame tambara. Mimi nimekufundisha kazi, wewe unanishonea tambara la kuwatangazia watu kwamba sijafa." Mnong'ono wake ulikuwa umekauka kwa hasira. "Toka."

Fundi akatoka, naye akanuna. Ukoo wao kwa kununa ulikuwa na kipaji.

Lakini kesho yake kitambaa kilikuwa nje. Kimetundikwa kinyume, upande wa mishono ukitazama njia, ili kila mpita njia aone jinsi mpwa alivyofungia nyuzi zake. Fundi alikasirika, kisha akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi kilikuwa vile vile, kinyume, kibanio chekundu kushoto na cha buluu kulia. Ndiyo salamu waliyobaki nayo. Shangazi anamtukana kwa kitambaa, Fundi anatia alama ya vema kwenye daftari na kupita, kisigino chake cha kushoto kikilia ka, ka, kwa sababu kilikuwa na msumari uliolegea na fundi viatu alikuwa akimpiga kalenda.

Alhamisi ya wiki ile ya ngao, alipita mapema, kichwani ana kola sita ambazo hazijakaa sawa. Kitambaa kilikuwa nje, kinyume, chekundu kushoto. Akachomoa daftari. Ndipo aliposikia kutoka ndani: ta, ta, ta.

Akasimama. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa. Ikaja tena, chini chini, kama mtu anagonga mguu wa meza na siyo meza. Ta, ta, ta.

Miezi minne Shangazi hakuwahi kumgongea chochote, na sasa ameanza kumfukuza hata njiani! Fundi aliona damu inampanda. Siku mbili kabla ya ngao, mtaa mzima unampongeza, na mtu aliyemlea hawezi hata kumwacha apite kwa amani.

"Nimesikia, Shangazi!" alisema kwa sauti ya juu, ili imfikie. "Nimesikia. Naondoka zangu."

Akatia alama ya vema na kuondoka, ka, ka, ka. Nyuma yake mkasi uligonga tena, kwa haraka zaidi, na yeye akaongeza mwendo.

Usiku ule mvua ilinyesha.

Ijumaa asubuhi vitambaa saba vya kwanza vilikuwa vikavu, vikipepea, vimetoka tu ndani. Cha nane kilikuwa kimelowa. Kilining'inia kizito, kimebonyea katikati, na tone moja lilikuwa likijivuta kwenye pindo. Fundi alikitazama kwa jicho la mshonaji, na jicho lake likaona kila kitu: maji yameingia hadi kwenye mishono, uzi umevimba, kibanio chekundu kimeacha doa la waridi. Kitambaa kile kililala nje. Mkono wake ulijua. Kichwa chake ndicho kilichokuja na maelezo. Hata kukianua hataki, kiliwaza kichwa. Ameona jioni hatupiti, basi anatuonyesha.

Jirani wa Shangazi alikuwa fundi baiskeli aliyeitwa Spoki, kwa wembamba wake. Alikuwa ameshapindua baiskeli ya kwanza ya siku mbele ya kibanda chake.

"Fundi! Redio ya Shangazi yako imekufa? Tangu jana kimya."

"Ameninunia mimi, sasa ameamua kuinunia na redio," alijibu Fundi.

Wakacheka wote wawili. Spoki akarudi kwenye nyundo yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifunika kila mlio mdogo wa kichochoro kile toka asubuhi hadi jua linapozama. Fundi akapita mlangoni pa Shangazi. Alisikia, au alidhani amesikia, mlio mmoja wa mkasi, kisha kitambo kirefu, kisha wa pili. Hakusimama. Ila moyoni alijiwekea ahadi: Jumamosi, wakishapewa ngao, atakuja na cheti chake mkononi, atabisha hodi, na kama ni kupiga magoti atapiga. Mtu akija na cheti chenye muhuri hafukuzwi. Wazo hilo lilimtuliza moyo siku nzima, akashona kola zote sita bila kukosea.

Jumamosi Mwenyekiti alikuwa amepitisha neno: zamu za asubuhi zifanyike upesi, saa mbili na nusu kila mtu awe ukumbini, sare isiwe na mkunjo. Fundi hakuingia kichochoroni. Alinyoosha shingo pale kona, kwenye kibanda cha Spoki, akaona njano. Akatia alama ya vema huku anatembea.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vimevalishwa mashuka meupe, vipaza sauti vinapiga miluzi, watoto wanakimbizana katikati ya safu. Wasafisha mitaro walikuwepo, wamevaa buti mpya. Wachangia damu walikuwepo, na wale vijana wanaofundisha watu wazima kusoma. Kila kundi lilipanda jukwaani, likaimba, likashuka. Mgeni rasmi alikuwa mwanamke mnene wa miwani, mtulivu, mmoja wa wale wageni rasmi wachache wanaosikiliza kweli, na kwa kikundi cha Fundi hilo ndilo lililokuwa baya.

Zamu yao ilipofika waliingia kwa mguu mmoja. Waliimba sauti tatu. Kwa haki, waliimba vizuri. Kisha Mwenyekiti akasogezewa meza, na juu yake kamba fupi imefungwa kati ya vijiti viwili, na kwenye kamba kitambaa kimoja cha akiba, kikavu, kimepigwa pasi na Fundi mwenyewe usiku uliopita. Mwenyekiti akaeleza utaratibu wote. Akaeleza mnoa visu. Akaeleza miaka miwili, wazee watano, hakuna hata mmoja aliyelala peke yake na shida yake. Makofi.

Mgeni rasmi akainua mkono. "Samahani. Nauliza kwa kutaka kujifunza. Mzee akitundika asubuhi, halafu akaanguka baadaye, kitambaa si kitakuwa bado kiko nje?"

"Swali zuri sana, mheshimiwa," alisema Mwenyekiti, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Ndiyo maana tuna zamu ya jioni. Jioni kisipoanuliwa, tunajua."

Ukumbi ukapiga makofi kuliko mwanzo. Nyuma ya Mwenyekiti watu kumi na wawili wa sare ya kijani wakatazama vidole vya miguu yao.

Fundi hakutazama vidole. Alikuwa anakitazama kitambaa kile kikavu kwenye kamba, kilivyokaa chepesi, na mkono wake ukakumbuka kile kingine. Kilicholowa. Kilicholala nje. Kisha kichwani akausikia tena ule mkasi wa Alhamisi ukigonga chini chini, kwenye mguu wa meza. Mtu aliyesimama hagongi mguu wa meza. Anayegonga mguu wa meza yuko sakafuni.

Alishuka jukwaani kama mtu aliyebanwa na tumbo. Watu wa safu ya mbele walimpisha kwa huruma, na mmoja akamwonyesha choo kiliko. Nyuma yake mshereheshaji alikuwa ameanza kulitaja jina la kikundi, akilivuta, akiwataka watu wasimame. Fundi alitoka nje na kukimbia.

Mitaa mitatu. Sare ilikuwa imebana, aliishona mwenyewe ikae vizuri kwa kusimama, wala hakuwaza kukimbia. Akaipasua pindo kwa mikono na kuendelea. Njiani aliomba dua zisizo na mpangilio. Aliomba Shangazi awe amenuna tu. Aliomba afungue mlango amtukane, amwambie toka, agonge mkasi hadi meza ivunjike.

"Spoki! Lete chuma!"

Spoki hakuuliza chuma gani. Mtu akikuita kwa sauti ile, unachukua kirefu kuliko vyote.

"Hodi, Shangazi!" Fundi aliupiga mlango kwa viganja. Ilikuwa hodi yake ya kwanza kwa miezi minne. "Hodi! Ni mimi! Shangazi, hodi!"

Spoki akaingiza chuma penye komeo, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta. Komeo likang'oka pamoja na kipande cha fremu, na harufu ya mkojo na ya chumba kilichofungwa ikawapokea.

Alikuwa amelala kati ya mlango na meza ya kukatia, mguu mmoja umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Jagi lilikuwa limepinduka mbali kidogo na mkono wake, limeshakauka. Mkasi alikuwa nao bado. Mguu wa meza, kwa chini, ulikuwa umechimbika rangi yote, mbao nyeupe imetokeza, na vumbi la mbao limejikusanya sakafuni kama unga. Macho yalikuwa wazi. Yakamfuata Fundi alipopiga magoti.

"Yu hai," alisema Spoki. "Fundi, yu hai! Naenda kutafuta gari!" Na mbio zake zikasikika hadi mwisho wa kichochoro.

Fundi alilowesha ncha ya sare yake kwenye ndoo ya pembeni, akamgusa Shangazi midomo. Midomo ilikuwa imepasuka. Ikasogea, na Fundi akainama hadi sikio likaigusa.

"Viatu vyako," Shangazi alinong'ona. "Nilijua ni wewe. Juzi." Akapumua. "Ulisema umesikia."

"Shangazi..."

"Jana ukapita tena. Leo..." Macho yakamtafuta. "Leo hukupita."

Kutoka ukumbini, mitaa mitatu mbali, vipaza sauti vilikuwa vinasomea mji mzima: tangu kianzishwe, hakuna mzee hata mmoja. Fundi alimshika Shangazi kichwa na kulia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Mwenyekiti alifika kabla ya gari. Alikuja na wanakikundi wanne, mpiga picha wa ofisi ya mtaa, na ngao kwapani, maana hakuwa amepata pa kuiweka. Lakini alipomwona mgonjwa ukunga wake wote ulirudi. Alimfukuza mpiga picha, akaomba ubao, akaufunga mguu ule kwa vipande vya kitambaa alivyovichana mwenyewe, akamdondoshea maji kwa kijiko, tone kwa tone, akimsemesha kama anavyosemeshwa mzazi anayesukuma. Kama kuna mtu aliyemfikisha Shangazi hospitali akiwa anapumua, ni yeye. Hilo lazima lisemwe kabla ya linalofuata.

Gari lilipokuwa linageuza, alimvuta Fundi pembeni, kwenye kamba, pale kitambaa kilipokuwa.

"Ameanguka lini?"

"Alhamisi."

"Nani kasema?"

"Yeye."

"Ana homa, hana maji mwilini, atajuaje Alhamisi?" Mwenyekiti hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama ngao. "Sikiliza, Fundi. Ameanguka leo asubuhi baada ya kutundika. Tumempata leo. Daftari si ndivyo linavyosema?"

Na kweli, daftari ndivyo lilivyosema. Fundi alilifungua. Vema Alhamisi, vema Ijumaa, vema leo. Hakuna aliyemtaka aandike uongo. Uongo ulikuwa umeshaandikwa, tena kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri. Alitakiwa kulifunga tu.

Akatoa kalamu. Alizikata vema zote tatu, moja baada ya nyingine, akabonyeza hadi karatasi ikatoboka. Pembeni ya Alhamisi akaandika: aliita, nikaondoka. Akalitia daftari juu ya ngao, mikononi mwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisoma. Midomo yake ilisogea. Fundi alingoja atukanwe, na alikuwa tayari. Lakini yule mama alikaa chini kwenye kizingiti, polepole, na uso wake ukabadilika rangi.

"Thelathini," alisema. "Wamebaki thelathini. Siku tisa hatujatazama hata mmoja."

Jioni ile wote kumi na watatu walisimama vichochoroni, bado wamevaa sare za sherehe, wakitazama milango. Vitambaa viliingia kimoja kimoja, na kila kilipoingia mtu aliketi chini kwanza kabla ya kwenda kwenye mlango uliofuata. Kilibaki kimoja hadi giza likaanza kushika. Mwenyekiti hakubisha hodi hata mara ya pili, aliuvunja mlango ule kwa bega lake la miaka sitini na tisa, akamkuta mzee mwenye nyumba anasikiliza mpira, mzima wa afya, naye akamtukana matusi ambayo hakuwahi kutukanwa na mzazi yeyote wakati wa uchungu. Alimshukuru kwa kila tusi. Ngao ilirudishwa ofisini Jumatatu, pamoja na daftari.

Fundi hakuyaona hayo. Alikuwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi, ambako walimzuia hadi kesho yake. Nyonga imevunjika, daktari alisema, lakini figo ndizo zinazonitisha. Tusubiri.

Jumapili asubuhi mlango wa wodi ulifunguliwa kwa jamaa. Fundi alisimama, akapiga hatua moja, ka, na mlio ule ukamwingia mwilini. Akasimama. Viatu vile vilipita Alhamisi, vikapita Ijumaa, na mtu akavisikia vikija, na akavisikia vikienda. Akavivua. Akavishika mkononi na kuingia peku, saruji baridi chini ya nyayo, akihesabu vitanda. Shangazi alikuwa wa mwisho, karibu na ukuta. Amefumba macho, mrija puani, mrija mkononi. Na kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga chuma cha kitanda. Kinapumzika, kisha kinagonga tena. Ta, ta, ta.

Fundi aliganda hatua tano kutoka kitandani. Hakujua maana yake. Macho yalikuwa yamefumbwa, uso haukumwambia kitu, na kwa vile alivyokuwa amefanya alistahili kabisa kufukuzwa.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpwa wake."

"Afadhali umekuja. Anagonga hivyo tangu alfajiri. Nikija ananyamaza, anasikiliza natembeaje, kisha anaanza upya. Kila mtu anayepita ni hivyo hivyo. Sijui anamsikilizia nani."

Ta, ta, ta.

Fundi aliinama. Kiatu cha kushoto kikamshinda mara mbili. Alivivaa vyote viwili, akajiweka sawa, akaanza kutembea.

Ka. Ka. Ka.

Kidole kikaacha kugonga, na kiganja kikafunguka juu ya shuka, kikimngoja.